Muhuri Mwekundu wa Osaka

1

Naandika haya nikiwa na akili timamu, tumbo lililoshiba maharage ya Jumanne, na shimo la dakika kumi na nne kichwani. Akili na maharage vitazungumza vyenyewe. Shimo ndilo linalohitaji maelezo. Nililitoboa kwa mkono wangu katika jiji la Osaka, mbele ya mwalimu wangu wa jiografia na wazee mia tatu, na sikumbuki kulitoboa.

Inabidi nianze mbali kidogo, kwenye nta ya sakafu.

Huu ni mwaka 2068. Dunia ina treni zinazoelea na madaktari wanaoishi ndani ya saa za mkononi. Sekondari ya Wavulana Mlimanyuki haijaarifiwa. Sisi bado tunaamshwa kwa rimu ya gari inayogongwa kwa nondo, bado tunakimbia mchakamchaka alfajiri kwenye umande, na sakafu ya bweni bado tunaing'arisha kwa nta nyekundu, kitambaa na magoti. Mkuu wa shule anasema magoti hujenga tabia.

Jumamosi moja ya Machi nilipaka nta hiyo tabaka sita mbele ya mlango wa kiranja mkuu. Sikuwa na ubaya naye. Ni kijana anayetembea kana kwamba bendi inampigia nyuma, na mimi nilitaka kujua, kwa manufaa ya sayansi, kama bendi ingeendelea kupiga akiwa amekaa.

Aliyepita wa kwanza hakuwa kiranja. Alikuwa Shukuru Mwasandube, rafiki yangu tangu Kidato cha Kwanza, anayelala kitanda cha chini yangu na kuvumilia vumbi la godoro langu. Alikuwa anakimbia na barua mkononi. Alikuwa ameshinda shindano la insha la taifa, na zawadi ilikuwa siku nne Osaka, na alitaka mimi niwe mtu wa kwanza kujua. Nilikuwa wa kwanza kujua. Nilikuwa pia wa kwanza kuusikia mfupa.

Uchunguzi ulifanyika. Mwalimu wa nidhamu alisimama mbele ya gwaride akauliza nani kapaka nta ile. Wavulana mia nne walikaa kimya, mmoja wao kwa bidii kuliko wengine.

Daktari alisema mguu utakaa kwenye plasta miezi mitatu na hautapanda ndege. Zawadi ikashuka kwa mshindi wa pili. Mshindi wa pili nilikuwa mimi, Filbert Ngonyani. Niseme nini. Niliandika insha nzuri.

Nilikwenda kumuaga kwenye zahanati ya shule. Alikuwa ameegemea mito miwili, mguu umening'inizwa kama paja la ng'ombe buchani, na tumboni ameweka daftari dogo lenye jalada la kitambaa.

"Limekuja na barua," alisema. "Weka kidole gumba hapa."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa treni uliogongwa kwa wino wa buluu. Niliweka kidole. Zahanati ikaondoka. Upepo wa treni inayoingia ulinipiga kwenye miundi, nikasikia harufu ya mkate wenye siagi, na ndani yangu kukawa na furaha ya mtu nisiyemjua, nyembamba, kama arusi inayosikika kupitia ukuta wa jirani. Kisha nikarudi kwenye harufu ya dawa ya vidonda.

"Hiyo ndiyo buluu," alisema Shukuru, akachukua karatasi ya maelekezo na sauti ya mchungaji. "Kila stesheni ya Osaka, kila hekalu na kila mnara una kisanduku cha mihuri. Zamani muhuri ulikuwa picha tu. Siku hizi unashika kisanduku kwa mkono mmoja, unagonga kwa mwingine, na robo saa yako ya mwisho inaingia kwenye wino. Buluu unaweza kugonga thelathini na tisa. Nyekundu moja tu kwa kila mgeni."

"Tofauti yake?"

"Kumbukumbu mpya ni uji," alisema. "Haya si maneno yangu, nayafupisha. Inachukua dakika ishirini kichwani kabla haijakaza ikawa ugali. Muhuri wa buluu unaonja uji kwa ncha ya kijiko, unakuachia sufuria. Mwekundu unachukua sufuria. Atakayeweka kidole hapo baadaye anakuwa yeye ndiye aliyekuwepo, mwanzo mpaka mwisho, kama vile ni yake. Na wewe unabaki huna."

"Huna kabisa?"

"Umewahi kuona sufuria moja kwenye meko mawili?"

Akanikabidhi daftari, lakini hakuliachia.

"Filbert. Nyekundu iwe yangu. Na iwe ile nzuri kuliko zote. Nakufahamu wewe. Usije ukanipa foleni ya choo."

"Kila kitu kinaingia?" niliuliza. "Hata mtu anachokiwaza?"

"Alichoona, alichoonja, alichowaza. Kwani wewe unawaza?"

Nilicheka sana, zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili. Kisha nikaona kwamba bado nilikuwa na nta nyekundu chini ya kucha, nikaweka mikono mfukoni.

2

Nilisafiri na Madamu Redempta Kaijage, ambaye kwa miaka kumi na tisa amefundisha uvuvi na hali ya hewa ya Japani bila kuiona. Alikuwa na kofia mpya na orodha ya vitu thelathini na kimoja. Uwanja wa ndege walituvalisha sikioni mkalimani mdogo kama punje ya mahindi, anayegeuza kila lugha kuwa Kiswahili safi cha taarifa ya habari, na wenyeji wote walikuwa na punje zao.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo, naamini, hakuna mgeni mwingine aliyewahi kulifanya Osaka.

Kanuni ya nne ya Mlimanyuki inasema mwanafunzi akimkuta mtu mzima atasimama, atavua kofia na atamwamkia kwanza. Kanuni haitaji nchi. Sasa, Osaka ya leo ina vijana wachache na roboti wengi, na waliobaki wote ni wazee. Wamejaa kwenye treni, kwenye ngazi za umeme, kwenye madaraja, wamevaa viatu vya michezo na wana afya kuliko mimi. Kutoka mlango wa stesheni hadi hotelini ni mwendo wa dakika tano. Tulitumia dakika hamsini. Madamu naye ana miaka arobaini na tatu tu, kwa hiyo aliwajibika sawasawa na mimi, kofia ikipanda na kushuka kama pampu ya kisima.

Mkalimani, ambaye hana utani, alitafsiri shikamoo kuwa "nashika miguu yako". Nyuma yetu mtaa mzima ulikuwa umesimama, unaangalia viatu vyake.

Hotelini alitungoja mwenyeji tuliyepangiwa na jiji. Alikuwa bibi wa miaka tisini na mmoja, Hatsue Nishiwaki, aliyeendesha tramu maisha yake yote na sasa anajitolea kutembeza wageni. Alivaa raba za njano.

"Shikamoo, Bibi."

Alizitazama raba. "Kwa nini uishike miguu yangu? Ina kasoro gani?"

Madamu akachukua sauti ya darasani. "Mama, kwetu ni heshima. Mdogo anamwambia mkubwa kwamba ameona ametembea njia ndefu kuliko yeye."

Bibi Hatsue alifikiri. "Na mwenye miguu anajibu nini?"

"Marahaba."

Alilijaribu neno hilo polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akalisema tena. Jioni ile alilisema kwa lifti, kwa taa ya barabarani na kwa roboti ya kufagia, ambayo ilimwomba arudie agizo.

Siku tatu zile sijui nizisimulie vipi bila kuonekana najisifu. Tuliona akwariamu la bandarini, ambamo papa potwe mkubwa kama bweni alikuwa akizunguka bila haraka, na Madamu akawatangazia wageni wote kuwa huyu tunaye Mafia na hatumfungi. Tulipanda gurudumu kubwa kando yake tukaona bahari na viwanda na milima kwa mzunguko mmoja. Tulikwenda mtaa unaouza vyombo vya jikoni peke yake, visu na masufuria kutoka sakafuni hadi darini, na humo kuna watu ambao kazi yao ni kutengeneza chakula cha plastiki cha kuwekwa kwenye madirisha ya migahawa. Nilinunua yai moja la kukaanga. Lilikuwa na ute unaoteleza na kiini kinachong'aa. Nililishika kwa mikono miwili, nikamfikiria mwalimu wa nidhamu na kifungua kinywa chake, na moyo wangu ukajaa amani.

Kila mahali niligonga buluu.

Kisha tukaingia kwenye duka la mishikaki. Kule wanakaanga kila kitu kwenye kijiti, nyama, kitunguu, yai la kware, na mbele ya wateja wote kuna kopo moja la mchuzi mweusi. Ukutani pameandikwa kwamba kuchovya ni mara moja tu. Mkalimani alinisomea. Lakini mimi nimelelewa kwenye sinia la watu wanane, na mtu wa kuchovya mara moja Mlimanyuki alishakufa njaa zamani. Nilichovya, nikauma, nikachovya tena.

Duka likanyamaza. Mpishi, mzee mwenye kitambaa kichwani, alilinyanyua lile kopo kwa mikono miwili kama anayebeba marehemu, akalimwaga, akaliosha, akalijaza upya, akalirudisha mbele yangu, akainama.

Nilisimama wima. "Shikamoo, Babu."

Mpishi akaangalia miguu yake.

"Marahaba," alijibu Bibi Hatsue kwa niaba yake, mdomo umejaa kitunguu, na duka zima likaanza kula tena.

Siku ya tatu mchana tulipanga foleni ya chapati za kabichi, zile zinazokaangwa mbele yako kwenye bati la moto. Foleni ilikuwa ya saa nzima. Tulipokaribia mlango niliona kisanduku cha mihuri kando yake, na wazo likanijia, likiwa limevaa vizuri na kuchana nywele.

Robo saa yangu ya mwisho ilikuwa na nini? Jua, harufu nzuri, mgongo wa mtu mbele yangu. Nilikuwa nawaza kabichi. Sikuwa nimewaza kitu kingine chochote, na hasa sikuwa nimewaza nta. Nikigonga nyekundu hapa, Shukuru atapata foleni ya Osaka, nami nitaapa kuwa ndiyo ilikuwa bora, na hakuna atakayenipinga maana hata mimi sitakuwa na ushahidi. Nitabaki na papa potwe wangu. Nitabaki na rafiki yangu.

Nilifungua ukurasa wa arobaini nikashika muhuri mwekundu.

Kidole kimoja kikavu kilitua juu ya ukurasa.

"Huo una mtu wake?" aliuliza Bibi Hatsue.

"Rafiki yangu. Yeye ndiye alikuwa aje."

"Na unampelekea mgongo wa bwana huyu."

Bwana huyo aligeuka, akatuinamia, akageuka tena.

"Mimi wangu niliugonga miaka minane iliyopita," alisema Bibi Hatsue. "Niliposhinda mashindano ya karaoke ya wazee wa mtaa. Mjukuu wangu alikuwa ng'ambo, mgonjwa, hakuweza kuja. Nilishuka jukwaani nikagonga. Sasa yeye ndiye aliyeshinda. Kila mwaka mpya ananisimulia nilivyoimba, na kila mwaka makofi yanaongezeka."

"Haikuumi, Bibi?"

"Inaniuma. Ningempa nisichokitaka, ningekuwa nimemtuma akatupe taka." Aliondoa kidole. "Huyo rafiki, unaogopa asione nini?"

Mkalimani aliniuliza mara mbili kama nimesema kitu. Nilifunga daftari, tukaingia kula, na ile chapati ya kabichi nawaapia ilikuwa tamu, ila nilichelewa kuigundua.

3

Siku ya nne ndege yetu ilikuwa ya mchana. Bibi Hatsue alisema hakuna anayeondoka Osaka bila kuona mazoezi ya asubuhi, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kwenye bustani ya ngome.

Ngome ya Osaka imekaa juu ya kuta za mawe makubwa kama vyumba, nyeupe na kijani na dhahabu, na kuizunguka kuna handaki la maji. Chini ya kuta wazee mia tatu walikuwa wamejipanga kwa mistari, wima, taulo shingoni. Mbele yao kulikuwa na kipaza sauti kwenye mguu wa chuma, kinachopiga muziki na kutoa maagizo. Ndivyo wanavyofanya kila asubuhi, mvua au jua.

Mia tatu. Kanuni ya nne haina msamaha kwa idadi. Nilivua kofia, nikahesabu haraka muda wa ndege, nikaamua kuwaamkia kwa jumla.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia mia tatu kwa pamoja, na njiwa wakaruka kutoka ukutani.

Bibi Hatsue alikuwa akiangalia mawingu. "Niliwafundisha kidogo jana," alisema.

Mazoezi yakaanza. Mikono mbele, mikono pembeni, mikono juu. Mikono ilipofika juu muziki ukakatika.

"Tafadhali subirini," kilisema kipaza sauti. "Ninajisasisha. Asilimia nne."

Walisubiri. Ni watu wanaojua kusubiri. Mikono mia sita ilikaa juu kama shamba la mtama.

"Asilimia tano."

Madamu alimnong'oneza kitu Bibi Hatsue. Bibi Hatsue, mikono bado juu, akanigeukia.

"Mwalimu wako anasema kwenu asubuhi mnakimbia mkiimba. Na kwamba wewe ndiye mwimbishaji."

"Ndiyo Bibi, lakini sisi ni vijana. Hawa wana miaka themanini."

"Kwa hiyo wana haraka."

"Asilimia sita."

Niliangalia ile mikono. Nilipanda kwenye jiwe, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Hapo ndipo lilipo shimo.

Upande wa pili wa shimo nimesimama mbele ya kisanduku cha mihuri kwenye lango la bustani. Muhuri mwekundu uko mkononi. Ukurasa wa arobaini una ngome ndogo nyekundu, wino mbichi. Sauti yangu imekauka. Kiatu kimoja kimelowa maji ya handaki. Shingoni nina taulo la mtu lenye picha za korongo, na mifuko yangu imejaa pipi, maana bibi wa Osaka akikupenda hukupa pipi. Baadaye nilizihesabu zikawa hamsini na moja.

Wazee walikuwa wakipita langoni, wekundu usoni, wakicheka na kuhema. Mmoja alisimama mbele yangu, akanishika mkono, akaonyesha muundi wake wa kushoto, akatikisa kichwa kwa huruma nyingi. Nilimpa pole kwa mguu wake. Alionekana kushangaa.

Madamu alikuwa anafuta miwani.

"Madamu, nimefanya nini?"

"Umegonga muhuri."

"Kabla ya hapo."

"Muulize Shukuru."

"Lakini kwa nini nimeugonga? Nilikuwa sijaamua."

"Uliamua," alisema Madamu Kaijage, akavaa miwani na kunitazama kama ramani aliyokuwa ameikosea kwa miaka mitatu. "Ila uamuzi nao umo humo humo."

Ndipo nilipoelewa hasara niliyojitia. Tendo jema pekee nililowahi kutenda maishani, na sikuwepo.

4

Shukuru alinipokea zahanati kwa heshima zote.

"Umenenepa. Zawadi iko wapi?"

Nilimpa yai kwenye sahani. Aliling'ata. Alilitafuna mara mbili, akalitoa, akaliangalia, akaliweka pembeni kwa upole. "Hili ni la mwalimu wa nidhamu," alisema. "Usilipoteze kwa wagonjwa. Lete daftari."

Nilitaka kumwambia asubiri kidogo. Nilitaka kumwambia kwamba sijui kilichomo, na kwamba mtu anayefungua chumba cha mwenzake anaweza kukuta nguo chafu. Lakini alikuwa ameshafungua ukurasa wa arobaini, na kidole kilikuwa kimeshatua.

Kwa dakika kumi na nne nilikaa kwenye stuli nikitazama uso wa rafiki yangu. Kwanza alikunja paji. Kisha akatabasamu, kisha akacheka kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia. Mguu wake mzima ulianza kwenda chini ya blanketi, kulia, kulia, kulia. Alihema. Alisema "Jikoni". Alisema "Upo". Katika dakika ya tisa kwa saa ya ukutani aliacha kucheka, na akiwa amefumba macho aligeuza kichwa polepole upande wangu. Alikaa hivyo muda mrefu. Mguu ulisimama. Kisha ukaanza tena.

Alipofumbua macho ukurasa wa arobaini ulikuwa mweupe.

Alijifuta uso na shuka. Nje watu walikuwa wanacheza mpira, wanabishana kama ulikuwa mkono au bega.

"Tabaka sita," alisema Shukuru.

Nilitazama sakafu ya zahanati. Haikuwa na nta.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Uliwasimamisha wazee mia tatu pembeni ya maji ukawaambia. Wengine walikaa chini kwenye nyasi ili wasikie vizuri."

"Nilisema nini?"

"Uliomba radhi. Uliniomba mimi, nikiwa sipo, kwa Kiswahili, na punje zao zikatafsiri. Bibi mmoja mwenye raba za njano alitoa leso."

"Nilisemaje, Shukuru?"

"Vizuri sana. Sijawahi kusikia mtu akiomba radhi vizuri namna ile. Sikujua una maneno hayo."

"Yapi?"

"Hayo ni yangu," alisema. "Yamekuja na sufuria."

Nikasogeza stuli. Niliuliza kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia. "Kwa hiyo umenisamehe?"

Shukuru aliwaza, na alikuwa na haki ya kuwaza.

"Yule wa Osaka nimemsamehe," alisema. "Nilikuwa ndani yake, najua alivyojisikia. Lakini wewe umekuja hapa na yai la plastiki. Wewe bado hujasema kitu."

Ndugu msomaji, nimewahi kuadhibiwa. Nimewahi kung'oa kisiki peke yangu, na nimewahi kufua mapazia ya ukumbi. Sijawahi kupewa adhabu kama ile, ya kushindana na mimi mwenyewe nikiwa katika ubora wangu, bila kujua nilisema nini. Nilisimama. Nilivua kofia, ingawa Shukuru ni mdogo kwangu kwa wiki tatu.

"Nta niliipaka mimi," nilisema. "Ilikuwa ya kiranja. Gwarideni nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Halafu ikaja habari ya mshindi wa pili, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kwenda. Hiyo ya pili ndiyo mbaya. Nisamehe."

Nje mpira uligonga bati la jikoni.

"Osaka ilikuwa nzuri zaidi," alisema. "Osaka ulilia."

"Sikulia."

"Utajuaje?"

Kisha akasogea, akanipa nafasi kitandani, na nikajua yamekwisha. Nilipotaka kuuweka mkono wangu juu ya plasta aliniambia nisiiguse, bado ina ushahidi.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa nidhamu. Mwezi mzima nimekwangua nta ya ukumbi wote wa bweni kwa kisu cha jikoni, na magoti yangu sasa yana tabia njema kuliko sehemu nyingine zote za mwili.

Kuhusu asubuhi ile, najua ninachoambiwa. Shukuru husimulia baada ya chakula, akiwa na magongo yake, na watu hukaa kumzunguka. Nilianza na "Nani kalala?" nao wakajibu "Hakuna", nikauliza "Uji uko wapi?" wakajibu "Jikoni", na safu ikaondoka, kwanza kwa kutembea, kisha kwa mbio ndogo za raba, kuizunguka ngome. "Mguu wa kulia?" "Upo." "Mguu wa kushoto?" "Upo." Kisha, kwa sababu mdomo wangu ni mwepesi kuliko mimi, nikauliza "Mguu wa Shukuru?" na hakuna aliyejua jibu. Hapo ndipo nilipowasimamisha nikawaambia. Na tulipoanza tena, nikauliza swali lile lile, wakajibu mia tatu kwa sauti iliyofika juu ya paa la dhahabu: "Unapona."

Hayo nayaamini. Wiki ya pili aliongeza kwamba nilitumbukia kwenye handaki nikaokolewa na bibi wa miaka mia. Wiki ya tatu nilikata kiuno. Juzi walikuwa wazee mia tano. Nikimwendea Madamu Kaijage anithibitishie, anaendelea kusahihisha madaftari na kusema yeye alikuwa anafuta miwani.

Jana ilikuja kadi ya posta yenye picha ya ngome. Nilikuwa wa kwanza kuiona kwenye meza ya barua, nikaitambua, nikaikimbilia. Haikuwa yangu. Anwani ilisema: Kwa Bwana Shukuru Mwasandube, tuliyekimbia naye.

Nilimpelekea. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za bweni, mguu mpya umenyooshwa juani, mwembamba na mweupe kama wa mtu mwingine. Plasta ilikuwa imetolewa siku ile ile. Aliisoma kadi, iliyochapwa kwa Kiswahili safi cha mkalimani, mara mbili, akacheka mara mbili, sehemu zilezile.

"Wanasemaje?" niliuliza.

"Wanauliza hali ya mguu. Wanauulizia kila asubuhi, mzunguko wa pili. Kipaza sauti kimemaliza kujisasisha na wamekitia kwenye sanduku, hawakihitaji tena."

Upande wa chini palikuwa na sahihi ndogondogo zilizobanana kama siafu, na katikati yake neno moja la Kiswahili, limeandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa za mtu anayejifunza: Marahaba.

"Naomba niishike."

Shukuru alinitazama, akanipa kadi, lakini hakuiachia.

"Soma," alisema, "ila usijizoeshe. Wewe hukuwepo."